Kitendawili Ulichokiacha Kwenye Kaseti

Ni mwaka mmoja sasa, Baba Vaileth, tangu uitundike kofia yako ya sufu kwenye msumari wa mlangoni, ukasema, "Najinyoosha kidogo," usiinuke tena. Kofia ipo palepale. Mkeo Gaudensia anasema hajaigusa. Mbona basi haina vumbi?

Tunakukumbuka kwa mambo madogo. Miaka ishirini na mbili ulifanya kazi ghalani, ukipanga maboksi ya watu usiowajua kana kwamba ndani yake mna mayai. Kila Jumatano ulitoa mapipa ya taka ya majirani, wa kulia na wa kushoto, bila kuombwa. Tangu uondoke, mtaa wetu hapa Edmonton, London, haujui tena siku ya taka ni ipi. Juzijuzi jirani alimsimamisha mkeo njiani akamuuliza. Mkeo akaingia ndani na mfuko wake wa vitunguu, akaanza kuzunguka jikoni.

Maana tangu siku ile alikuwa hakai. Tukwambie ukweli wote. Chai aliinywa amesimama. Rozari aliisali akitoka dirishani kwenda mlangoni, mlangoni kurudi dirishani. Vaileth binti yenu akimwambia, "Mama, kaa basi," hujibu, "Si nakaa," huku anakunja nguo alizokwisha kuzikunja. Alikuwa kama kuku anayetafuta pa kutagia. Na sababu unaijua wewe, uliyemtegea kitendawili ukaondoka na jibu lake.

Wasomaji wasiokujua wasikilize. Gaudensia shule yake ni darasa la saba, lakini kwa kutega hana mpinzani, na jibu hatoi mpaka apewe mji, kama ilivyo desturi ya mchezo: ukishindwa, unatoa mji. Katika ndoa yenu alikunyang'anya Moshi, Tanga, Mwanza na Dodoma, mpaka ukaishiwa miji ya nyumbani ukahamia vituo vya treni.

"Chukua Silver Street."

"Silver Street ni kituo! Nataka mji."

"Haya, chukua Ilford, uniambie nikalale."

Mji mmoja tu hukuutoa: Mkuu, kwenu Rombo. "Huo sina ruhusa nao," ulisema. "Huo ni wa wazazi."

Ulipostaafu ulijinunulia muziki kipande kipande, amplifaya huku, deki ya kaseti kule. Zikabaki spika, zile ndogo za kukaa kwenye rafu ya vitabu, na hapo ulikwama miaka minne. Dukani ulikuwa ukitoa kaseti yako kwenye mfuko wa plastiki, na vijana wa duka wanatazamana, maana hawana pa kuitia. Ndipo ukampata Paresh kule Neasden, mzaliwa wa Moshi, mwenye deki nzima na Kiswahili kizima.

Kaseti yenyewe ni ya mwaka 1979, kwaya ya parokia siku ya sikukuu ya mtakatifu somo wake. Gaudensia alikuwa humo, msichana wa miaka kumi na tisa, kitambaa cha njano kichwani. Wewe ndiye uliyepakata redio ya kurekodia, na pembeni yako yupo rafiki yako Godlisten, Mlutheri aliyefuata pilau. "Huyu alinipendea sauti," mkeo amewaambia watu wa London nzima. Hukuwahi kumkatalia. Ulikuwa ukitazama dari.

Basi kila mwezi, Jumamosi moja, mlipanda mabasi mawili hadi Neasden. Paresh anaunganisha spika, wimbo unaimbwa mpaka mwisho, kwaya inanyamaza, nawe unainua kidole.

"Umesikia, Mama Vaileth?"

"Nimesikia."

"Umesikia nini?"

"Wimbo, Baba Vaileth. Twende, miguu inaniuma."

Unamgeukia mwenye duka. "Bado, Paresh."

"Mzee Leonard, hizi ndizo bora nilizonazo!"

"Bora kwa nani? Bado."

Siku moja, kwenye basi la kurudi, alikubana umwambie unatafuta nini. Jinsi ulivyoona raha!

"Kitendawili," ulisema.

"Tega."

"Kwaya imenyamaza, habari ndiyo inaanza."

Alifikiri kituo cha kwanza, cha pili, cha tatu. "Sema jibu."

"Nipe mji."

Yeye, atoe mji? Hajawahi kutoa hata kitongoji. Akageukia dirisha hadi Edmonton. Na siku zikapita, na ukaitundika kofia.

Wiki moja kabla ya misa yako ya mwaka alipanda mabasi yale mawili peke yake. "Paresh, nipe zile alizozitaka Mzee."

"Mama, Mzee hakuzitaka zozote." Akampa jozi mbili akazijaribu nyumbani, moja airudishe Jumamosi. "Chagua kwa chumba chako, usichague kwa duka langu. Na kelele zisikudanganye. Spika nzuri ni ile unayomsikia mtu akimeza mate."

Alichotaka mkeo ni kitu kimoja. Misa ni Jumapili. Akitegue kitendawili kabla ya Jumapili, asije akapiga magoti mbele ya picha yako bado anaulizwa, "Umesikia?"

Jozi ya kwanza ilikuwa nyeusi, inang'aa kama kiatu cha harusi. Besi yake iliimbisha vijiko kabatini. "Bibi, too much!" alisema Lusekelo mjukuu wenu wa kike, ambaye Kiswahili chote anakielewa na chote anakijibu kwa Kiingereza. Walisikiliza mpaka mwisho. Hakuna aliyesikia kitu, si bibi si mjukuu.

Ya pili ilikuwa ndogo, ya mbao, uso wake kitambaa cha kahawia. Aliisogeza rafuni hadi ukutani, kati ya sanamu ya Bikira Maria na picha ya mahafali ya Vaileth. Kwaya ikalia kama imo ndani ya sufuria. Akampigia simu Paresh, naye hata salamu hakuzimaliza.

"Umezibandika ukutani, Mama? Zitoe zipumue! Na ile sauti nyembamba inatoka huku juu, inataka kutazamana na sikio. Mzee hakukuachia vigoda vya spika?"

Vigoda! Aliviwekea maua. Vile viwili virefu ulivyovitengeneza kwa mbao za ghalani, siku uliyomkalisha kwenye kiti kando ya hita ukampima kwa futi kutoka sakafuni hadi sikioni.

"Unanipimia jeneza?" alikuuliza.

"Kaa wima, mwanamke."

Akaondoa maua. Akavipeleka kwenye zile alama za utepe ulizobandika kwenye zulia, ambazo mwaka mzima amekuwa akifagia kwa kuzizunguka. Alama ni tatu, mbili za vigoda na moja ya msikilizaji. Siku zote alidhani ya tatu ni ya kiti chako. Alipoinama vizuri, iko chini ya mguu wa kiti chake.

Alisimama hapo, Baba Vaileth, maua mkononi. Mara arobaini na kitu ulisema "bado", naye akakuita mteuzi, mtu wa masikio ya kifalme. Kumbe masikio uliyokuwa unayachagulia hayakuwa yako.

Lusekelo ndiye aliyekaa kwanza, maana bibi yake alikuwa bado anazunguka. Wimbo ukaisha. Msichana akajiziba mdomo, mabega yakaanza kumtikisika. "Oh my God, Babu!"

"Nyamaza! Usiniambie! Kitendawili hakiibwi!"

Akamwinua, akakaa yeye ukingoni mwa kiti, akarudisha kaseti nyuma. Safari hii, kwaya ilipokoma, palikuwa na kitu. Mchakacho, kama panya ndani ya makaratasi. Akarudisha tena. Panya. Mara ya tatu, panya.

"Bibi, please," alisema Lusekelo. Halafu kwa Kiswahili, polepole, kama mtu aliyebeba kikombe kilichojaa: "Vaa vile vya masikio."

Vifaa vya kusikia alivyopewa kliniki miaka mitatu iliyopita, vilikuwa kwenye droo pamoja na vifungo vya mashati. "Mimi si wa kuwekewa mashine," alisema siku ile, yeye ambaye kwenye nyumba ya kulelea wazee aliwavalisha wazee wa watu vitu hivyohivyo kila asubuhi, akiwaambia, "Usione haya, mpenzi." Anakiri hapa mbele ya kila asomaye. Mara zote alizosema "nimesikia", hakusikia hata mara moja. Alikuwa anakudanganya. Na wewe ulijua, ukasema "bado", ukapanda tena mabasi mawili.

Akavivaa. Friji ikanguruma, akaikaripia. Akaegemea kiti, mgongo wote, kwa mara ya kwanza tangu kofia itundikwe. Lusekelo akabonyeza.

Kwaya ikaingia, kushoto wasichana, kulia wavulana, na katikati nafasi tupu kama mlango ulio wazi. Miongoni mwa wasichana kuna mmoja aliyeiacha njia kwenye ubeti wa pili akapita porini.

"Nani huyo anayepotea?" aliuliza mkeo.

Lusekelo akatazama kucha zake.

Wimbo ukaisha. Benchi likalia. Kisha sauti, karibu kabisa, ya kijana wa miaka ishirini na minne:

"Godi, umemwona yule wa kitambaa cha njano?"

"Yule anayeimba kama mbuzi?"

"Huyohuyo. Ngoja nizime, nikamsalimie."

Tak. Kimya.

"Mbuzi!" alipiga kelele mkeo. "Mbuzi! Miaka yote hii!" Alicheka hadi akatoa kitambaa cha pua, na kitambaa kikapata kazi nyingine. Kisha akasema, "Rudisha." Mlisalimiana mara saba jioni ile, wewe na yeye, na hakuinuka hata chai yake ilipopoa.

Jumamosi, spika zile nyeusi zilirudi Neasden. Paresh alimtazama, akayatazama masikio yake.

"Umesikia, Mama?"

"Nimesikia."

Hakumuuliza amesikia nini.

Sasa sikiliza, Leonard. Gaudensia ametegua, lakini amesaidiwa: na mjukuu, na Paresh, na vifaa vya kliniki, na vigoda vyako mwenyewe. Hiyo kwa sheria za mchezo, alizozitunga yeye na kukubana nazo, ni kushindwa. Hajawahi kukupa mji. Leo anakupa, mbele ya mashahidi. Chukua Mkuu. Wazazi wataelewa.

Unakumbukwa na mkeo Gaudensia, ambaye haya ameyaandika akiwa amekaa; binti yako Vaileth na mkweo Nickson, ambaye sasa ndiye anayetoa mapipa Jumatano, ya kulia na ya kushoto; mjukuu wako Lusekelo; Paresh wa Neasden; na Godlisten, ambaye tumempigia simu na anaapa kwamba habari za mbuzi hazikumbuki kabisa.

Tutakukumbuka daima, wimbo na baada ya wimbo.