Mbuzi wa Bi Mwanakuu

Yakhe Abdulghafur, acha unalolifanya usome! Jamaldin ametuvunja mbavu.

Si alijigamba kwamba gita lake la besi, lile lililokuja kwa posta vipande vipande, angeliunganisha macho yamefumbwa, na kulipiga harusini kwa dadake? Basi kiwiliwili kikafika kimepasuka katikati. Bwana akajifungia chumbani, akatoka na gita zima! "Ubao mpya nimeupata Kilindini," asema.

Huku bibi yake, Bi Mwanakuu, azunguka nyumba nzima: "Mbuzi wangu wa kukunia nazi yuko wapi? Harusi bila wali wa nazi ni harusi hiyo?"

Jamaldin, bila haya: "Labda ameenda malishoni, bibi."

Malishoni! Yakhe, malishoni!

Leo mazoezini kalipiga, likanguruma mpaka tukashangilia. Kumbe bibi kasimama mlangoni. Akalipindua gita, akatuonyesha ubaoni alama ya pasi aliyoiunguza mwenyewe zamani.

"Endelea, mjukuu wangu," akamwambia. "Piga, nimsikie mbuzi wangu anavyolia. Kisha umkalie hivyo hivyo, unikunie nazi za harusi nzima."