Kinyozi Aliyekataa Kumgeuza Rafiki Yake Msaliti

Kacha, kacha. Ulikata hewa kabla ya kukata nywele, Baba, na sisi tuliusikia mkasi tangu kona ya mtaa, kabla hatujakuona. Mwaka umetimia tangu maradhi yaunyamazishe.

Mkono wako ulikuwa mpole. Asiye na kitu ulimnyoa, ukamwambia, "Utanilipa nywele zikiota tena."

Riwaya yako, ya kwanza na ya pekee, uliiandika kando ya kiti chako cha wateja. Sentensi ikikujia, mtu alibaki na kichwa nusu. "Kinyozi, leo ninaoa," mmoja alilalama. Ukamjibu, "Bibi harusi atakungoja. Hii hainingoji."

Uliandika habari zako na Fundi Saa, mliogawana duka moja kwa pazia, mpaka vita vya wenyewe kwa wenyewe vikaugawa mtaa mzima. Upande wetu ulikutaka umtoe kwa wapiganaji. Upande wake ulimtaka akutoe. Hakuna aliyetolewa.

Kitabu kimetoka mwezi huu, nawe hupo. Wachapishaji walikuambia mapema: mfanye rafiki awe msaliti, kitauzika. Ukasema, "Msaliti nimwazime kwa nani? Niliyekuwa naye ni huyu." Hatukubadilisha hata nukta.

Juzi Baba Mkubwa alilifuta jina la Fundi Saa kwenye tangazo hili la kumbukumbu yako. "Damu nzito kuliko maji," alisema.

Mama hakuinua hata macho. "Shemeji, mume wangu alipofichwa darini kwa Fundi Saa, kiu ilimbana. Hakuletewa damu. Aliletewa maji."

Mtaa waliukata, udugu haukukatwa,
Jina walilolifuta, leo hapa limeletwa.

Unakumbukwa na mkeo, ambaye bado anaupaka mkasi wako mafuta, sisi wanao watatu, mkweo, wajukuu wanaogombania kuzungushwa kwenye kiti chako, kaka yako, akipenda, na mdogo wako, Fundi Saa.

Huyu alikuja jana kutuomba tumwache nje. "Msijitafutie maneno kwa ajili yangu, wanangu."

Nikamjibu mbele ya ukoo mzima: "Baba mdogo, maneno tumeyazoea. Maadamu ninapumua, kumbukumbu ya Baba haitatoka bila wewe. Daima tutamkumbuka, na wewe ukiwa umekaa kwenye kiti chake."