Nimesema Namtamani, Mbele ya Mchungaji

Sabina, nimejiaibisha! Sasa hivi tumetoka kwa mchungaji, mimi na Projest, kuomba tangazo letu la ndoa lisomwe Jumapili.

Mzee wa kanisa, Longino, akaniuliza kwa nini namtaka Projest. Nikajibu, "Namtamani." Namtamani! Mbele ya mchungaji, Sabina!

Mzee akafunga daftari la ndoa. "Binti, tamaa ni dhambi. Hakuna tangazo."

Ulimi wangu unaujua. "Mzee wangu, amri inakataza kutamani mume wa mwenzangu. Huyu hana mke. Nisipomtamani mimi, nani amtamani?"

Mchungaji alicheka mpaka akavua miwani. Akasema tangazo ni Jumapili hii, na harusi tusiisogeze mpaka Krismasi.

Projest anatazama tu viatu vyake vya mitumba. Tulipofika mtaa wa Mirongo, njiani kurudi, ndipo akaninong'oneza: "Hebu rudia ulichomwambia mzee."