Voisi ya Zoezi Kwenye Grupu la Kazini

Shoga, leo nimeumbuka! Ile voisi ya zoezi la Kiingereza nimeituma kwenye grupu la kazini badala ya grupu la darasa. La kazini! Hoteli nzima imo: wafua nguo, wapishi, mpaka meneja.

Tena ndefu. Nasoma sentensi yenye kosa ili niisahihishe, nasita, nasema "in", hapana, "on", ngoja, naanza upya.

Msimamizi akaifungulia kwa sauti ya juu pale chumba cha pasi. Watu wakacheka hadi machozi. Akanigeukia: "Wewe mzungu wa pasi, shule ya msingi yenyewe ilikushinda, Kiingereza utakiweza? Ifute, unatutia aibu kwa meneja."

Unanijua. Siku nyingine ningeifuta, na darasani nisingekanyaga tena. Kidole kilikuwa tayari juu ya simu.

Nikasema, "Sifuti." Mimi huyu! Nimesema sifuti!

"Unasemaje?"

"Sifuti, bosi. Mwalimu ametupa sentensi kumi. Hiyo ni ya kwanza tu."

Nikashikilia kitufe cha kurekodi mbele yao wote, nikasoma ya pili. Nikaituma humo humo.