Zamu ya Maji Ndani ya Miwani

Same, Jumanne

Bado yale maputo yananiudhi. Wiki iliyopita watafiti walimvisha Mama miwani ya uhalisia pepe, ile inayokuonyesha mahali usipokuwepo, wakamtaka apasue maputo ili azoeshe mkono wa kulia uliolala tangu apate kiharusi. Akagoma. "Mimi si mtoto, jamani."

Leo yule dada mtafiti alimwamkia, akamwekea ndani ya miwani picha walizopiga milimani kwetu, kijijini Mamba: shamba la tangawizi, na mfereji wa maji pembeni. Mama akafoka, "Maji yanapita! Zamu yetu hii!"

Akainama kuziba mfereji ili maji yageukie kwetu. Kwa mkono wa kulia.

Nikakumbuka miaka ile ya dhiki. Sabuni hakuna, Baba yuko kwenye mashamba ya mkonge, na zamu yetu ya maji ni alfajiri. Mama hakuikosa hata mara moja. Jioni tulikula maharage yasiyo na mafuta, na bado tulicheka. Siku hizi mafuta yapo, lakini kile kicheko...

Sijui kama mkono utapona. Naogopa kutumaini.

Alipovuliwa miwani aliniomba maji anawe tope. Nikammiminia. Akakinga mikono yote miwili.