Mkono wa Kulia

Mtongwe, Jumatatu

Kaka Faki, shikamoo.

Baba hajambo kidogo, ila Parkinson inamzidi. Kahawa yake yaishia kwenye kanzu. Nawe huko Maskati huchoki kutuma habasoda, ati itaondoa kutu ubongoni. Makopo yamejaa kabatini, wallahi nimechoka nayo.

Daktari akubali kwamba seli za ubongo zinaliwa kama chuma kinavyoliwa na kutu, lakini asema maradhi haya pengine yamo damuni. Kila mara aniuliza kama kwetu yuko mwingine anayetetemeka. Nikikuuliza wewe, wanijibu kwa kopo jingine.

Ijumaa kwenye simu ya video nilikuona ukinywa chai kwa mkono wa kushoto. Baba hakutulea hivyo, Kaka. Wa kulia uliuficha wapi?

Mdogo wako,
Jalila