Uliuliza Kama Chokaa Imelala

Baba,

Kuna jambo sijamwambia mtu. Si Mama, si rafiki yangu yeyote wa skuli, wala sijalitamka hata nikiwa peke yangu bafuni na maji yanamwagika. Ile barua ya Kifaransa uliyonituma nimwandikie Dada Mariam mwezi wa tisa, ulipokuwa umekaa kwenye kiti cha Mama na mkono wako wa kulia umewekwa juu ya mto kama si wako, sikuandika uliyoyasema. Niliandika yangu, kisha nikatia jina lako chini.

Nakuandikia kwa Kiswahili, ingawa tangu tuje Texas nimezoea kukujibu kwa Kiingereza. Kwa Kiingereza najua kujitetea. Kiswahili nilikisomea Unguja mpaka darasa la nne, na katika umri ule hawajakufundisha bado kujitetea, wanakufundisha kusema kweli na kuandika vizuri.

Kwa hiyo nitaandika vizuri.

Mariam aliuliza jambo moja tu. Fundi wa kijijini kwao kamwambia ukuta wa jikoni utiwe saruji kabla ya baridi kuingia. Yeye anaogopa. Wewe unasemaje? Nilikusomea, nikakufasiria, ukafumba macho muda mrefu hata nikadhani umesinzia. Kiharusi kilikuwa kimekuchukulia Kifaransa chote, kikakuachia Kiswahili, tena cha kuburura. Ukasema, neno moja moja: "Mwambie saruji hapana. Ukuta wa mawe unapumua, ukiutia saruji umeuziba pua. Chokaa tuliyoizima kwa maji aiache ilale shimoni. Nikipata nafuu nitakwenda, tumalize wote."

Ukapumzika. Ukauliza, "Umeandika?"

Nikasema nimeandika.

Nilichoandika ni hiki: Baba anasema sawa, tia saruji. Na anasema usimngoje, hatakuja tena.

Lile neno la "hatakuja" nililitazama mara mbili kwenye kitabu changu cha Kifaransa cha skuli. Sikutaka uongo wangu uwe na makosa.

Sasa utauliza kwa nini, na mimi nilishajitayarishia majibu mengi, yote ya bure. Ni wivu, Baba. Nilikuwa na wivu na mtu ambaye nilikuwa sijawahi kukutana naye, halafu wivu ukahama ukaingia kwenye nyumba yenyewe. Nilianza kumwonea wivu Mariam nikamaliza kwa kuuonea wivu ukuta.

Najua kwamba ulimzaa kabla hujamjua Mama. Najua ulifanya kazi ya uashi Ufaransa miaka sita, ukaoa huko, mkaachana kwa heri, ukarudi Unguja. Hayo Mama alinieleza zamani, hata hakupunguza sauti. Na najua si kosa la Mariam kwamba bibi yake mzaa mama alimwachia nyumba ya mawe katika kijiji chenye ng'ombe wengi kuliko watu, paa limebonyea katikati, panya wamehamia. Lakini kila mwezi wa nane ukipata likizo, ulikwenda kwake. Miezi kumi na moja ulikuwa unakwenda mji wa Katy na kurudi, saa nzima barabarani asubuhi na saa nzima jioni, unaziba na kulainisha kuta za jipsam kwenye nyumba mpya. Ukirudi kwetu Pearland nyusi zimejaa vumbi jeupe, unasema, "Leo tena nimejenga boksi." Mwezi mmoja uliobaki ndio uliokuwa na mawe, na ulikuwa wake.

Ulikuwa unarudi na picha. Mkanda mzima wa kamera, na karibu zote kuta. Mama alikuwa anazipekua kama karata. "Baba Zuhura, umekwenda kupiga picha kuta? Watu wa huko hawana sura?" Ukacheka mpaka ukakohoa. Mimi sikucheka, kwa sababu nilikuwa nimeona ile moja yenye sura. Mariam amevaa shati lako la bluu, ameshika mwiko wako, chokaa imempanda mpaka kwenye viwiko. Anakutazama wewe uliyekuwa unapiga picha.

Niliwahi kukuomba unifundishe. Hukumbuki, nadhani. Nilikuwa na miaka kumi na tatu, nikakufuata gereji nikakwambia nataka kujua kupiga lipu. Ukaniambia, tena kwa upole, "Mwanangu, hapa hakuna cha kufundisha. Nyumba hii karatasi." Na ilikuwa kweli. Kile kitasa cha mlango wa chumba changu kilitoboa ukuta siku ya pili tu tulipohamia. Fundi wa kuta za Katy nzima, tundu la chumbani kwa binti yako ulilifunika na kalenda. Kila mwaka mpya nilikuwa nabadilisha kalenda, na kila nikibadilisha naingiza kidole kuona limeongezeka kiasi gani.

Hata kichekesho chako cha chokaa kilinitoka mikononi. Ulikuwa unaniambia kwamba Wafaransa chokaa wanaiita "sho" kwa sababu walianza kutamka chokaa kama watu, wakaishiwa pumzi njiani. Nilidhani ni chetu, mimi na wewe. Wiki hii Mariam yupo kwetu, amekisimulia mezani, amekisimulia vizuri, na mkono wake umefanya kama wako, ukipeperuka pale pumzi inapokwisha. Nikafasiri. Watu wakacheka. Mimi nilihisi mtu kaingia chumbani kwangu akatoka na kitu.

Lakini nilikuwa nakueleza uongo, na uongo haukuwa mmoja.

Siku ya Idi Mariam alipiga simu. Mama alikuwa kazini hospitalini, kwa hiyo nilikushikia mimi simu sikioni, nami nikaweka sikio langu upande wa pili. Yeye alikuwa analia, wewe ulikuwa unalia. Kisha ukavuta pumzi ukauliza, "Imelala?"

Nilijua unauliza nini. Chokaa. Ile mliyoizima pamoja kiangazi cha mwisho, mkaifunika maji shimoni, ukarudi ukatueleza kwamba babu yako Unguja hakuwa akiigusa chokaa kabla haijalala miezi na miezi. Mariam akaniuliza, Papa anasema nini? Nikamjibu: anauliza kama umelala vizuri.

Ningesema chokaa, angejibu. Angesema ile hatukuitumia, tumetia saruji kama ulivyotuambia, nawe ungegeuza kichwa ukanitazama. Niliogopa jicho lako. Basi nikampa kitu ambacho hukumpa, na ambacho mimi mwenyewe hukuwahi kuniuliza hata siku moja. Akasema ndiyo, Papa, nalala vizuri. Nikakwambia wewe, "Ndiyo, imelala." Ukatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo, ule uliobaki.

Mwezi wa tatu ukafariki.

Niliandika kwamba hutakwenda tena, na kweli hukwenda. Mama anajua mambo ya hospitali, ameshanieleza jinsi mshipa unavyopasuka mara ya pili, na kwamba hakuna mtu aliyesababisha. Ananieleza kwa sababu anadhani ninalia kwa kukukosa. Ninakukosa, Baba. Lakini silii kwa hilo peke yake.

Nikupe habari za nyumbani. Mama amekaa eda, anavaa nyeupe, amekonda mashavu. Gari lako Ami Sudi amelichukua Fort Worth, anasema linakwenda upande wa kushoto kama mwenyewe alivyokuwa akitembea. Viatu vyako vya kazi bado vipo mlangoni, kila anayeingia anavipisha. Na Mariam yupo hapa. Amekuja kwa arobaini yako, analala chumbani kwangu, kwenye kitanda changu, mimi nipo chini kwenye godoro. Ana paji lako la uso. Kila aliyeingia siku ya hitma alishika mdomo akasema huyu baba'ke mtupu. Kwa miaka kumi na sita mimi nimekuwa nikiambiwa nimemfuata Mama.

Baada ya hitma tukala pilau, wageni wamejaa mpaka varanda ya nyuma, na Mariam akasema anataka kuzungumza. Nani wa kufasiri? Mimi niliye na aibu hata ya kuagiza baga dirishani. Akasimama. Akasema jambo la mwisho Papa alilomuuliza katika dunia hii ni kama analala vizuri. Nilifasiri kwa sauti ndogo, Ami Sudi akaniambia paza, nikapaza. Wanawake walilia. Mama alilia, akamkumbatia.

Kisha akasimulia ukuta. Alivyotii akatia saruji. Jikoni kulivyoanza kutoka jasho mara baridi ilipoingia, na ile lipu ya chokaa uliyoipiga wewe mwenyewe upande wa ndani ikabanduka vipande vipande, akawa anaifagia asubuhi kama maganda. Hakulaumu. Alisema najua alikuwa mgonjwa, hakujua tena anachosema.

Ami Sudi akaweka sahani chini. "Kaka yangu aseme saruji? Basi maradhi yalikuwa yamemfika mpaka ndani kabisa."

Na Mama, machozi bado yapo, akanigeukia. "Zuhura, hebu muulize tena. Baba'ako alisema nini?"

Nilimgeukia Mariam nikamuuliza kwa Kifaransa kama anataka chai nyingine. Akasema ndiyo, asante. Nikamwambia Mama, "Ndivyo hivyo, anasema saruji."

Nimefika hapo, Baba. Mbele ya khanga ya Mama na msahafu haujafungwa.

Leo ni Jumamosi, kesho asubuhi Mariam anaondoka. Mchana huu alikuwa anakunja nguo zake kitandani akaniambia kwamba akifika ataiuza nyumba. Wanunuzi wapo, mtu na mkewe kutoka mjini. Shimo la chokaa bado limejaa, bado na maji yake, hao wanunuzi wanataka kulifukia wapande maua. Akasema Papa aliiachilia, na mimi naiachilia.

Nikafurahi. Nakwambia wewe. Kwa muda wa mtu kukunja shati moja, nilifurahi kwamba nyumba ile inakwisha, na hakuna atakayekuwa na ukuta wako, tutakuwa sawa, mimi na tundu langu na yeye bila chochote.

Halafu akaniomba nifikiri vizuri, kama kuna kitu kingine ulichowahi kusema kuhusu nyumba, hata kidogo. Nikamwambia nitafikiri. Akaenda jikoni kwa Mama kujifunza kukanda unga wa chapati. Hawana lugha, lakini nawasikia wanacheka.

Nimefikiri. Yeye anaamini ulichoka naye. Ami Sudi atarudi Fort Worth awaambie watu kwamba mwisho wako ulikuwa hujui tena kazi yako. Umekufa fundi, na mimi nimekufanya mtu wa saruji. Nikisema kweli, itabidi nimnyang'anye Mariam lile swali la kulala, na analiweka kifuani kama hirizi. Badala yake nitampa shimo la chokaa.

Na kuna jingine, ndilo linaloniuma zaidi, ndilo lililonifunga mdomo mpaka leo. Kweli ni yake zaidi kuliko uongo. Kweli ni kwamba ulikuwa huwezi kushika kijiko, na pumzi iliyobaki ulikuwa unaitumia kuulizia kitu mlichokifanya wawili. Ukinitazama mimi niliyeshika simu, ulikuwa unamtafuta yeye. Nikimwambia hayo, ninamkabidhi wewe mzima, kwa mikono yangu, na mimi nabaki niliyekufasiria.

Labda hilo nalo ni kitu. Katika watu wote, nilikuwa mimi peke yangu niliyekuelewa miezi ile. Uliniaminia ulimi wako.

Siwezi kukuahidi kwamba wivu utaniisha, Baba. Bado upo, nauhisi hapa ninapoandika. Nakuahidi kwamba neno lako litafika, lote, kama ulivyolitoa na kwa mpangilio uliolitoa. Nitamwambia yeye kwanza, kisha Mama, kisha nitampigia Ami Sudi. Watakalonifanya na walifanye.

Nakuaga. Mola akupanulie kaburi lako, akunyooshee mkono wako wa kulia. Nisamehe ukiweza kutoka huko uliko.

Mwanao,
Zuhura

Anakuja. Amevaa ndara za Mama, zinampwaya, nazisikia zikiburuzika kwenye zulia la ukumbi. Karatasi ipo mezani. Kitabu cha kemia kipo hapa karibu, sikiweki juu yake. Kiswahili hajui kusoma, lakini jina lake atalitambua, limejaa kila upande, na atauliza.

Amesimama mlangoni. Chumba analala humu humu na bado anapiga hodi. Anasema "odi", ile herufi ya kwanza haimtoki. Ndivyo ulivyomfundisha: piga mara tatu, usipoitikiwa rudi ulikotoka na usinung'unike.

Ya pili hiyo.

Simngojei apige ya tatu.